Paneli Nilizofunga Juu ya Gari la Marehemu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize. Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa Goma, mtaa wa Mapendo, kwenye kiwanja ninachoishi hadi leo. Sikusimuliwa na mtu, wala sikuota. Na hayakutokea usiku. Wengi wanaosimulia mambo ya namna hii watakuambia kulikuwa na giza, mbwa walibweka, sijui nini. Mimi nilikutana naye jua likiwa utosini, na jua lenyewe ndilo lililomfichua, ingawa nilichelewa kuelewa.

Mimi ni mtu wa Butembo. Nimeendesha malori mpaka magoti yakagoma, na uzeeni nikaoa tena. Mke wangu ni mtu wa Bukavu, mjane wa fundi mmoja aliyeitwa Gervais. Watu wanamwita Mama Neema, na mimi pia namwita hivyo. Neema ni mtoto wa Gervais. Umeona mambo yalivyoanza? Hata jina ninalomwamkia mke wangu asubuhi lina mkono wa yule bwana ndani yake.

Nilipohamia kwake nilikuta gari uani. Siyo gari la kawaida. Ni gari-nyumba, refu, jeupe, ndani lina kitanda, jiko dogo, makabati na meza ya kukunja. Liliwafia wazungu wawili waliokuwa wakitembea nchi kwa nchi, likafia njiani karibu na Kalengera, na Gervais akalinunua akalikokota mpaka Mapendo. Akalipandisha juu ya mawe ya lava, akang'oa kila kilichooza ndani, akajenga upya kwa mbao, kazi ya miaka. Alimwahidi mke wake kwamba siku moja watatoka na kulala humo, wao wawili tu, mbali na kelele za mji. Akafa kabla gari halijapita getini.

Mota niliiamsha mimi. Nililala chini ya gari lile wiki nzima, mgongo juu ya mawe, hadi likakohoa na kuwaka. Unadhani nilisifiwa? Mama Neema alisema asante, vizuri kabisa, halafu akaingia ndani akapitisha kiganja juu ya mlango wa kabati.

"Gervais alikuwaka na mikono," akasema.

Nisikufiche, niliumia. Nikaanza kuliangalia lile gari kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekaa sana. Kila kitu mle kilikuwa chake. Meza, yeye. Vishikio vya vikombe, yeye. Kitanda alikipima kwa urefu wake mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa mfupi, mimi nikilala pale miguu inabaki nje. Mwanamume gani anataka kulala na mkewe huku miguu yake ikining'inia kwenye kipimo cha mwingine?

Ndipo nikapata wazo la paneli za jua. Gari halikuwa na taa hata moja. Gervais alikuwa amefanya yote, lakini mwanga hakuufikia. Nikajiambia, basi, mwanga utakuwa wangu. Mama Neema akibonyeza swichi, atanikumbuka mimi. Nikaenda soko la Virunga, nikarudi na paneli mbili, betri, nyaya, na taa ndefu ya kuweka juu ya kitanda. Watu waliniuliza kwa nini nisimwite fundi kijana, mzee kama mimi atapandaje juu ya paa. Sikutaka fundi. Nilitaka kazi ile iwe ya mikono yangu kuanzia skrubu ya kwanza hadi ya mwisho.

Nilichagua siku ambayo Mama Neema alikuwa parokiani na akina mama wenzake. Nikafunga geti kwa komeo, nikaegemeza ngazi, nikapanda polepole na mashine ya kutobolea. Bati lilikuwa moto, na kila nilipopiga goti lilibonyea na kulia chini yangu. Nikaweka paneli ya kwanza, nikapima, nikachora alama. Nilikuwa nimeshaelekeza ncha ya mashine kwenye alama niliposikia mtu akisema chini:

"Muzee, hapana tobola pale. Chini yake iko mbao, na waya zitapitia wapi?"

Alikuwa mwanamume wa umri wangu, mfupi, amevaa nguo za kazi za buluu zilizopauka. Lafudhi yake ilikuwa ya Bukavu. Nilidhani ni jirani nisiyemjua, maana Mapendo watu wanahama na kuhamia kila siku. Nikamuuliza amejuaje kuna mbao. Akasema magari ya aina hii anayajua. Nikagonga kwa kidole, na kweli, mlio ulikuwa mzito. Kama ningetoboa pale ningepasua mbao inayoshika makabati yote.

Kabla sijamkaribisha alikuwa ameshapanda. Akapiga magoti kando yangu, magoti matupu, suruali imetatuka, juu ya bati ambalo mimi nilishindwa kuligusa kwa kiganja. Bati halikulia. Niliona, nikaacha. Akatoa mfukoni kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akaanza kukata kwa kisu viduara vidogo vyenye ncha, mfano wa ua, akavipachika chini ya kila skrubu.

"Mvua ya huku inaingiaka popote," akasema. "Gundi peke yake itakudanganya."

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri. Nilikuwa nimeunganisha paneli na kipimo changu cha umeme, nione kama inafanya kazi. Mkono wangu ukipita juu ya kioo, namba zinaanguka. Kofia yangu ikitupa kivuli, zinaanguka. Hata kunguru alipopita zilitikisika. Lakini yule bwana aliinama juu ya paneli kifua kizima, akikaza skrubu za upande wa pili, na namba zilisimama palepale. Kana kwamba juu ya kioo hakukuwa na mtu.

Wewe ungekimbia, sivyo? Mimi nilikitikisa kipimo nikidhani kimeharibika. Niamini, nilikuwa na wivu kiasi cha kushindwa kuogopa. Nilichokiona ni kwamba mtu huyu anafanya kazi vizuri kuliko mimi. Skrubu zake zilikaa sawa, nyaya zake zilinyooka, na kazi niliyoitaka iwe yangu peke yangu ilikuwa inaniponyoka juu ya paa langu mwenyewe. Nikawa namharakisha amalize aende zake.

Alipomaliza aliniangalia, akauliza, "Mama atakuwa analala umu na wewe?"

Nikajibu kwa kiburi kwamba ndiyo, mke wangu, na nani tena?

Nikamuuliza anataka nimlipe nini.

"Miye sitaki franga," akasema. "Uniachie tu fasi yangu ya kulala umu ndani."

Nikafikiri ni mzee asiye na pa kulala siku hiyo, ataegesha ubavu usiku mmoja, asubuhi ataondoka. Na nilitaka aondoke juu ya paa langu haraka. Nikasema, "Sawa muzee, iko yako."

Nikageuka kukusanya nyaya. Nilipoinua kichwa hakuwepo. Ngazi haikuwa imetikisika. Nikashuka, nikazunguka gari, nikaenda getini. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani, vilevile nilivyoliacha.

Mama Neema aliporudi sikumwambia habari ya mgeni. Kwa nini nimgawie mtu mwingine sifa? Nikamwonyesha taa. Akaiwasha, akacheka, akanishika mkono, na nakuambia nilijisikia kijana. Akasema anataka kuona kazi ya juu. Akapanda ngazi hadi kichwa kikafika usawa wa paa, akagusa skrubu moja moja kwa kidole.

"Papa," akaniita, "nani alikukatia hii mipira?"

Nikasema nimekata mwenyewe.

"Hapana. Sema kweli. Gervais njo alikuwaka anakata hivi, kama maua. Hakuna mutu mwingine."

Ikabidi niseme yote. Nilipofika kwenye kile kifua kisicho na kivuli, ndipo na mimi nikaelewa. Alishuka, akakaa kwenye kidaraja cha gari.

"Alikuomba nini?"

"Nafasi ya kulala."

"Ulimujibu nini?"

"Nilisema sawa."

Akajifunika uso kwa kitenge.

Usiku ule nilitaka kumwonyesha kwamba siogopi, nikalala garini, naye akaja pembeni yangu. Nilipojilaza tu, taa ikafifia, ikazima. Nikaamka kuangalia betri, taa ikawaka. Nikarudi kitandani, ikazima. Nikamwambia Mama Neema ainuke, mimi nibaki peke yangu: giza. Nikatoka mimi, akabaki yeye: mwanga mweupe, mzuri, umetulia. Sikurudia tena. Nililala nyumbani, macho juu ya dari.

Kesho yake tulikwenda kwa mdogo wake Gervais, Papa Déo, karani mstaafu, mtu wa kanisa, si mtu wa kuropoka. Alitusikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali moja: siku ya kuondoa matanga, gari lilitajwa?

Kwao, siku ile ya kumaliza kilio, ukoo unakaa na kutaja kila alichoacha marehemu, kimoja kimoja, na kila kimoja kinapewa mtu mbele ya wote. Kisichotajwa kinabaki kuwa chake. Mama Neema akakumbuka: nyumba walimpa yeye, baiskeli kwa Déo, koti kwa mjomba, vyombo vya kazi kwa binamu. Na gari? Wazee waliogawa vitu walilihesabu kuwa nyumba, maana lilikuwa na kitanda na jiko na halikusogea miaka. Wazee waliogawa nyumba walilihesabu kuwa kitu, maana lina magurudumu. Kila upande ukaamini mwingine amelitaja. Basi mimi nilikuwa nimetoboa paa la mtu ambaye bado ndiye mwenyewe.

Déo aliita ukoo. Wakaja, wakasali, wakaleta kasiksi, ile pombe yao ya ndizi, wakamwaga kidogo kwenye gurudumu la mbele, na gari likatajwa kwa sauti kuwa la Mama Neema. Nikashusha pumzi. Usiku nikajaribu tena kitanda. Taa ikazima.

Nikarudi kwa Déo nimekasirika. Akanijibu kwa upole, akiniita kaka.

"Sisi tulimaliza upande wetu. Gari tulilipokonya kwake. Lakini fasi ya kulala hatukumupa siye. Ulimupa weye, na kinywa yako."

Je, kuna njia ya kurudisha neno kama hilo? Nimeuliza padri, nimeuliza wazee wa kwetu Butembo. Kila mmoja anashika kidevu.

Nilitaka kung'oa paneli. Nilipanda na spana, nikalegeza skrubu ya kwanza. Mama Neema akaja akashika ngazi kwa chini.

"Papa, acha taa," akasema.

Hapo ndipo niliposhikwa na wivu wa kweli. Ule wa mwanzo ulikuwa mchezo. Nikaikaza skrubu upya, nikashuka.

Safari ile aliyoahidiwa nilimpeleka mimi. Niliendesha hadi Kalengera, kwa dada yangu aliyeolewa huko, nikaegesha nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mama Neema alilala garini. Mimi nilipewa chumba kwa shemeji, na dirisha lake, kwa bahati yangu mbaya, lilitazama migomba. Niliiona taa yangu ikiwaka hadi nikasinzia. Asubuhi alikuja amepumzika, uso laini. Nilimuuliza kama huwa anamuona. Akasema hapana, hajawahi kumuona. Ila huwa analala upande wa ukutani, na ile nafasi nyingine haiguswi.

Hatugombani. Ananipikia, tunakwenda misa pamoja, akiugua mimi ndiye ninayekesha naye. Lakini zipo siku, mara nyingi jioni za Jumamosi, ananiambia anakwenda kulala garini kidogo, na mimi nasema sawa. Neno hilohilo.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiingia kwa mjane, kabla hujashika nyundo yoyote, uliza kila kilichomo kilipewa nani siku ya kuondoa matanga. Na akija mtu kukusaidia kazi unayoionea wivu, muulize jina lake, mwangalie chini uone kivuli chake, na usimpe jibu la haraka ili akuondokee.

Mama Neema huwa anaogopa giza. Betri ikiisha mapema, anatoka garini na kurudi ndani, kwangu. Ndiyo maana mawingu yakikaa juu ya Goma kutwa nzima, mimi moyoni nafurahi. Lakini vumbi la mlima wa moto linapojaa juu ya paneli, yeye huja ananiomba kwa sauti nzuri nipande nikazifute, na mimi nachukua ndoo na kitambaa, napanda, nazifuta hadi zing'ae.