Mtoto Alivyonyamaza Garini

Nikisikia harufu ya moshi wa gari, naikumbuka safari ya kwenda hospitali ya Kitete. Mdogo wangu mchanga alikuwa na homa, analia tangu tulipotoka kijijini. Njiani gari la kijiji chetu cha ujamaa likapita juu ya mzinga wa nyuki, gogo zima lililodondoka kutoka kwenye lori lililotutangulia, kisha gari letu likaanza kunguruma kuliko kawaida. Baadaye mtoto akanyamaza.

“Afadhali amelala,” mama akasema.

Dereva alisimamisha gari asikilize mngurumo huo. Injini ikiwaka, akaziba mdomo wa bomba la moshi kwa tambara lililoloa. Moshi ukatokea kwenye sakafu, miguuni pa mama.

“Bomba limepasuka. Mama, mwamshe mtoto, moshi huu ni sumu!” dereva akasema.

Mama alimtikisa sana ndipo akalia.

Siku hizi mtoto akinyamaza garini, nafungua dirisha.