Mkwe Juu ya Kitanda cha Mtihani

Nimefundisha watu wazima miaka mingi katika chuo cha ufundi huku Nyamira, nikajiona nimeshaona yote: baba mwenye ndevu akilia kwa sababu ya hesabu, mama akificha sare ya chuo chini ya ndizi ili majirani wasimcheke. Lakini siku ile ya mtihani wa kutunza wagonjwa nilishtuka kuliko siku zote.

Mwanafunzi niliyemwombea zaidi alikuwa mama mmoja wa Nyansiongo, mjane mwenye wajukuu, aliyechuma chai ya watu tangu ujana. Nyumba ya wazee huko Kisii mjini ilikuwa imemwahidi kazi akifaulu. Akianguka, nafasi ingepewa mwingine. Kiingereza cha vitabu kilimtoa jasho, kwa hiyo wakati wa chakula tulibaki wawili nikimweleza kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Haba na haba hujaza kibaba. Mwishowe akawa ananijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Darasani, wanawake walijifunzia kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Mtahini, mtu wa kutoka mbali mwenye sauti kavu, hakutaka kusikia hayo. Alipanga wanafunzi kwa namba, huyu muuguzi na huyu mgonjwa. Yule mama akaambiwa amwogeshe mgonjwa wa namba inayomfuata, na mgonjwa huyo alikuwa kijana mmoja mpole wa darasa hilo hilo, ambaye tayari alikuwa amelala kitandani bila shati, macho kwenye dari.

Mama akaingia na beseni. Akamwona. Beseni lilianguka, maji yakaruka hadi viatuni mwa mtahini, na mama akageukia ukuta, uso ameufunika kwa leso. Darasa zima likashika mdomo.

"Mwalimu, siwezi gusa huyo," akasema. "Ameoa msichana yangu."

Mungu wangu! Mimi, Mgusii wa Kenyenya, niliyelelewa kwa chinsoni, ile heshima inayomkataza mtu hata kumpa mkono mama wa mkewe, mwaka mzima sikujua! Kumbe ndiyo sababu mmoja alikaa mlangoni na mwingine dirishani. Mimi nilidhani wanatafuta hewa.

"Sisi tulidhani unajua, madam," mwanafunzi mmoja akaninong'oneza. Nilitamani kumzaba kofi.

Nikamsihi mtahini abadilishe namba. "Mgonjwa ni mgonjwa," akasema. "Amwoshe, au naandika sifuri."

Hapo kijana akateremka kitandani upande wa pili, amejifunika shuka mpaka shingoni. "Andika ni mimi nimekataa mtihani," akasema akitazama nje. "Mama apewe mgonjwa mwingine." Akatoka hivyo hivyo, na shuka la chuo mabegani.

Nilimfuata uani nikitweta kwa hasira na mshangao. "Wewe! Unajua umetupa mwaka mzima?"

"Najua, madam. Lakini huyo ni mama."

Nikarudi kwenye mtihani. Ndani, mama alipewa mwanamke wa kuogesha. Alianza polepole, kisha akafanya kila hatua kama tulivyojifunza, na mtahini mwenyewe akakiri kwamba amefaulu.

Alipotoka hakufurahi. Alisimama kando ya uwanja akampa mkwewe mgongo, na kijana naye akampa wake. Kati yao palikuwa na kipande kidogo tu cha nyasi.

"Mwalimu," mama akasema kwa sauti, "ambia huyo kijana asikufe moyo. Mshahara yangu ya kwanza ndio itamrudisha darasa. Kama si yeye, leo ningerudi kwa chai."

Kijana alisikia kila neno. Hata waliokuwa jikoni walisikia. Lakini hakusogea, akanisubiri mimi. Nikavuka nyasi, nikamrudia maneno yale yale kama yalivyosemwa.

"Mwambie mama nimeshukuru," akajibu, sauti imemkatika.

Nikageuka kumpelekea mama jibu ambalo alikuwa ameshalisikia, na hapo ndipo machozi yakanitoka mbele ya wanafunzi wangu wote.