Kompyuta Haina Mapafu

Mwalimu wetu wa kwaya hatupi wimbo mpaka kompyuta yake iuimbe kwanza. Huandika nota kwenye skrini, hubonyeza, kisha hukaa wima, kidole juu, kama mzazi anayehofia mtoto ataropoka mbele ya wageni. Nota ikienda kombo huiambia mashine, "Rudia, mama," halafu hufuta kosa lake mwenyewe kwa uso wa mtu aliyesamehe. Haya nimeyaona kwa macho yangu, maana mimi wa sauti ya pili ndiye ninayempandishia karatasi za kuchapia mpaka kwake ghorofa ya nne. Basi akatuletea wimbo wa harusi ya binti yake, ambamo besi hushikilia nota moja kurasa mbili nzima. Shemeji yake, besi wetu wa kutegemewa, alishikilia mpaka macho yakamtoka, akajibwaga kitini. "Mbona kompyuta imeweza?" mwalimu akauliza, kwa mshangao wa kweli. "Shemeji, kompyuta haina mapafu!" besi akajibu. Tulicheka sote isipokuwa mwalimu. Kesho yake nilimkuta akiimba pamoja na mashine, mkono kifuani, na kila pumzi ilipomwishia aliweka alama ya kupumua. Shida ni kwamba alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupanda ngazi. Siku ya harusi kwaya nzima ilihema kila baada ya maneno mawili, kama alivyoandika. Bibi harusi akadhani tunalia, naye akaanza kulia. Mwalimu alipomwona, akashusha mikono, akasahau kutuongoza.