Siku Nasieku Alipoung'ata Mkono wa Baraka

Mwanangu, kumbukumbu yangu siku hizi ni kama ng'ombe mzee. Ukiielekeza kushoto inakwenda kulia, na majina ya watu niliokunywa nao chai jana inayaangusha njiani, lakini njia ya nyumbani haijaisahau. Ndiyo maana siku ile Nasieku alipoung'ata mkono wa Mzee Koinet naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyovaa joho.

Imenirudia tena Jumamosi, pale ukumbini Karatu kwenye harusi. Spika zilikuwa zinaunguruma kama lori linalopanda kreta, nawe ulikuwa umemshika mwanao kidevu, unamgeuza uso aniangalie na kuniamkia. Yeye aliziba masikio, macho kayashusha kwenye miguu ya viti. Ukaniambia kwa aibu, "Mzee, utusamehe, daktari anasema huyu ana usonji." Nilitaka kukujibu palepale, ila muziki ule ulikuwa hauachi nafasi ya jibu. Basi soma.

Ilikuwa miaka ya themanini, ile ya foleni za sukari na sabuni. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu kule pwani, nikashuka Karatu, nikapanda juu na gari la mahindi hadi kwenye ukungu wa Ngorongoro, na kutoka hapo kwa miguu hadi kwenye boma la baba mdogo, aliyenilea baada ya baba yangu kufariki. Nilikuwa na begi, kamusi, na koti ambalo sikulivua hata jua lilipowaka. Ndugu zangu walinitazama, wakanipa jina palepale: Chuo. "Chuo, mbuzi anakula kitabu chako." "Chuo, huko kwenu mnafundishwa kuchelewa kuamka?" Nilidhani ni heshima. Ilinichukua likizo mbili kugundua kwamba haikuwa.

Sasa, wewe uliyezaliwa mjini, nikukumbushe jambo moja. Kwa Wamasai mtoto hampi mzee mkono. Humwendea, akainamisha kichwa, na mzee akamgusa utosini. Hiyo ndiyo salamu, na ndiyo baraka. Mtoto anayekwepesha kichwa chake ni kama aliyemwaga maziwa kwa makusudi. Watoto wa boma, mzee akitokea, huacha mchezo na kumkimbilia kama ndama waliofunguliwa.

Wote, isipokuwa Nasieku, binti mdogo wa baba mdogo. Meno ya utoto yalikuwa bado hayajamtoka yote. Maneno aliyokuwa akisema yalikuwa machache, na mengi alimwambia mama yake. Kengele za ng'ombe zikikaribia aliziba masikio. Kila asubuhi alipita njia ileile kuzunguka uzio, na ukimzibia alisimama akalia mpaka uondoke. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuchuma majani mabichi na kuyapanga chini, moja kando ya jingine, yamenyooka kuliko mistari ya daftari langu. Ukimgusa kichwa alipiga ukelele kama aliyeungua.

Neno usonji hatukuwa nalo. Tulikuwa na maneno mengine: amelaaniwa, amedekezwa, mama yake alivunja mwiko. Mtu asipokuwa na jina la kitu hukipa jina la kosa la mtu mwingine.

Mwaka ule kaka yake Nasieku, Lemayian, alikuwa anatoka umorani, ujana wa kulinda mifugo, na kuingia rika la wazee. Sherehe ingefanyika nyumbani, wazee wangetoka pande zote, na watoto wote wa boma wangeinamisha vichwa mbele yao. Baba mdogo hakulala vizuri. Hofu yake ilikuwa moja: kwamba mtoto wake mmoja angekataa mkono wa mzee mbele ya watu, na baraka ya kijana wake ingeharibika.

Hapo ndipo Chuo akajitolea. Nilimwambia baba mdogo aniachie, kwamba kabla ya sherehe Nasieku angeinama kama wenzake. Nikamtolea methali: samaki mkunje angali mbichi. Baba mdogo, ambaye hajawahi kula samaki, wala kumkunja, wala kumwona, alikubali kwa kichwa. Nami niliona fahari kwa kupeleka methali ya pwani mahali ambapo hata maji ya kunywa tuliyafuata kwa punda.

Nilikuwa na sukari kidogo niliyoipata kwa foleni ya nusu siku. Kila asubuhi nilimsubiri Nasieku kwenye njia yake, nikampa sukari kwenye kiganja, na kumwekea mkono wangu kichwani. Mwanzoni alipiga kelele. Nilimshika bega asikimbie, nikikumbuka methali nyingine, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Siku zilipopita kelele zilipungua. Mwishowe alisimama tu, ameganda, macho yake mahali pengine, nami nikahesabu kuwa amefuzu. Sikuona kwamba hakuwa akipanga majani tena. Sikuona kwamba amebadili njia, na kwamba jioni alikuwa anakula nyuma ya kibanda cha ndama, peke yake. Mama mdogo, mama yake Nasieku, aliona. Aliniambia mara moja, kwa sauti ya chini, "Chuo, mtoto huyu hajazoea, amechoka." Nikamweleza kwa upole wa msomi kwamba kuchoka ni sehemu ya kujifunza.

Mzee Koinet, aliyetakiwa kutoa baraka siku ya sherehe, alikuja mapema kupanga mambo na baba mdogo. Watoto wakamkimbilia. Nami nikamshika Nasieku mkono, nikampeleka mbele, nikamwinamisha kichwa mwenyewe. Mzee akanyoosha mkono, na kengele za ng'ombe waliokuwa wanarudi zikalia wakati huohuo.

Nasieku akamng'ata. Si kidogo, mwanangu. Ilibidi mama yake aje aufungue mdomo kwa kumwimbia.

Laana ya mzee kwetu si mchezo, na huyu alikuwa ndiye mwenye baraka za nyumba nzima, anatazama damu kwenye kidole chake. Baba mdogo aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasema kwamba kesho Nasieku angepelekwa Malambo, kwa bibi yake, mpaka sherehe ipite. Malambo iko chini kwenye joto, mbali, na bibi yule hakuwa na nguvu za kumfuata mtoto. Kila aliyekuwa ameketi kando ya moto alijua kwamba sherehe ile, kwa Nasieku, isingepita: asingerudishwa.

Wakati wa kukamua ulipokwisha mama mdogo aliingia na kibuyu cha maziwa, akampa mzee kama desturi ilivyo. Mzee akanywa, akauliza, labda kwa kutafuta tu la kusema, maziwa yale ni ya ng'ombe gani.

"Yule mwekundu mwenye pembe moja," mama mdogo akasema.

"Si ndiye aliyemvunja Lemayian mbavu kwa teke?"

"Ndiye. Alikuwa anapiga teke nilipomkamua kama wengine. Hapendi kuguswa mgongo, wala hapendi kengele. Sasa namwendea kwa mbele anione, namwimbia wimbo wake, nangoja. Akiwa tayari anatoa maziwa kuliko wote." Akamtazama mume wake, jambo ambalo mbele ya wageni si kawaida. "Sikumbadilisha ng'ombe. Nilibadilisha mkono. Na hakuna siku uliyosema twende tukamwache Malambo."

Usikasirike, mwanangu, kwamba mtoto alilinganishwa na ng'ombe. Kwetu hiyo ni heshima ambayo mimi na shahada yangu hatujawahi kupewa.

Mzee Koinet akaweka kibuyu chini. Kisha akaanza kucheka, polepole, akiutazama mkono wake uliofungwa kitambaa. Akanigeukia.

"Chuo, huko kwenu mnafundishwa kukamua?"

Nikasema hapana.

"Inaonekana," akasema.

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alimwambia tu baba mdogo kwamba safari ya Malambo ingoje, na kwamba yeye ameombwa kuleta baraka, hajaombwa kuleta kichwa cha mtoto. Kwa mama mdogo aliuliza maswali: mtoto anapenda nini, anaogopa nini, asubuhi anapita wapi. Aliuliza kama mtu anayenunua ng'ombe kwa ajili ya ukoo mzima, bila haraka. Mimi nilikuwa nimekaa na mtoto yule siku zote zile na sikuwa nimeuliza hata moja.

Siku ya sherehe watoto waliinama mmoja baada ya mwingine, wakaguswa, wakakimbia. Ng'ombe walikuwa wamevuliwa kengele. Mzee alikuwa ameagiza hivyo, na vijana walinung'unika. Nasieku alisimama kando, pamoja na mama yake, karibu na uzio, kwenye njia yake. Mzee Koinet aliinuka, akahamisha kigoda chake hadi upande ule, akakaa akiwa amempa ubavu, hamtazami. Akachuma jani bichi, akaliweka chini. Halafu akangoja. Wazee wenzake walianza kukohoa. Nyama ilikuwa inaiva. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba labda mzee amelala.

Nasieku akasogea. Akalitazama lile jani. Lilikuwa limekaa upande. Akachutama, akalinyoosha, akachuma lake, akaliweka kando yake sawasawa. Kisha akarudi kwa mama yake.

Mzee alichovya ncha ya mgwisho wake wa mkia wa ng'ombe kwenye maziwa, akayanyunyiza juu ya majani yale mawili, akataja jina la mtoto na la kaka yake. Kwetu anayeomba amani hushika jani bichi mkononi. Mzee mmoja akasema, "Koinet, mtoto hajui maana ya jani. Anacheza tu."

"Huenda," Mzee Koinet akajibu. "Kama amekusudia sijui. Mimi nimepokea."

Hayo ndiyo yaliyokuwa. Nasieku hakuanza kuzungumza siku ile, wala hajainamisha kichwa kwa mtu yeyote hadi leo. Lakini Malambo hakupelekwa. Sasa ana mvi, anaishi kwa Lemayian, na ndama wa boma lile hawakubali mchungaji mwingine. Mimi bado hanisalimii. Nikifika huweka fimbo yangu chini, makusudi imekaa upande, na kukaa nikitazama pengine. Mara nyingine huja akainyoosha. Mara nyingine haji, nami nanywa chai yangu kwa adabu.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na si zangu, ni za mama mdogo. Usimshike mwanao kidevu ili aniangalie. Anaweza kunisikia vizuri huku anatazama miguu ya viti. Jua anachokiogopa kabla ya kumfundisha unachokipenda wewe. Akinyamaza na kuganda, usiseme amezoea. Spika zikizidi, toka naye nje, na wanaonuna waache wanune; ubwabwa utawapoza. Wataalamu wapo siku hizi, waendee, wasikilize, lakini usiende kwao kama nilivyotoka mimi chuoni, na jibu mfukoni. Na mama yake usimwachie peke yake. Mama mdogo alikuwa na jibu tangu mwanzo. Tulimkosesha mtu wa kumuuliza.

Kuhusu aibu uliyoniomba nikusamehe, sina cha kusamehe. Jumapili nitapita kwenu. Zima redio, mwambie mapema kwamba nakuja, kisha mwache alipo. Nitakaa karibu na mlango na kuweka kofia yangu sakafuni. Asipokuja, hatutakuwa tumekosana.

Mungu wa mvua na majani akupe macho ya mtu anayekamua. Akupe mkono unaokubali kubadilika, na subira ya kukaa kigodani wakati nyama inaiva na watu wanakohoa. Mwanao akue katika njia yake, aizunguke kila asubuhi, asikute mtu ameiziba.