Vipande ni vya Fundi

Wifi yangu tulimwita Mkasi, na si kwa ajili ya kushona tu. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, alilitazama gauni nililovaa akaniuliza, "Wifi, huyu aliyekushonea, mlikuwa na ugomvi?" Nilimchukia hapohapo. Lakini leo mtu amseme vibaya mbele yangu, atajuta kunijua.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara: cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi, kioo kilichopasuka pembeni, na nyuma ya mlango mfuko mkubwa wa vipande. Kila fundi anao mfuko kama huo. Mteja huleta kitambaa, hukatiwa nguo yake, na kinachobaki asipokidai ni cha fundi. Ndivyo ilivyo tangu cherehani ziingie mtaani kwetu, na hakuna aliyewahi kuuliza. Vile vipande ndivyo viraka, foronya na vinguo vya watoto.

Basi akaja Madamu. Ndivyo tulivyomwita mke wa tajiri wa jumba la ghorofa pale kwenye kona. Alileta kitambaa cha kijani chenye nyuzi za dhahabu, akasema mji mzima hakuna mwenye kama hicho. Mkasi akamshonea, naye akajigeuza mbele ya kile kioo mpaka akatosheka, akashukuru, akaondoka. Vipande hakuviuliza.

Wiki chache baadaye alipita na gari lake, akamwona binti yangu amekaa kwenye ngazi ya duka, amevaa kigauni cha kijani chenye nyuzi za dhahabu. Gari likasimama. Yule mama hakuteremka hata kidogo, alitazama tu. Kesho yake wakaja polisi.

Walimchukua Mkasi, na kigauni wakakivua mwilini mwa mwanangu, eti ni kielelezo. Mtoto akabaki na chupi barabarani, analia. Mimi nilitukana siku ile, na sijutii hata neno moja.

Kituoni, pale kaunta, walibishana hata jina la kosa. Mmoja alisema huu ni wizi wa kawaida. Mwenzake akasema hapana, kitambaa alikabidhiwa mkononi na mwenyewe, kwa hiyo ni wizi wa kuaminiwa. Mkasi akawaambia, "Mkishachagua mniambie, nijue ninavalishwa nini."

Mpelelezi, mtu mpole wa maneno, alituita pembeni. "Mama, kubali tu. Kitu chenyewe kidogo. Ukikiri, hakimu atakupa onyo, utakwenda kupika. Ukikataa, kesi itakwenda, na ukishindwa ni jela."

Kaka yangu akamshika mkewe mkono. "Mke wangu, nakuomba. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Apite na jina langu?" Mkasi alimjibu. "Mimi nafanya kazi na vitambaa vya watu. Nikisema niliiba, nani ataniachia hata leso? Jela kuna kutoka. Wizi nikishajipaka mwenyewe, nitautoa na sabuni gani?"

Kaka akanigeukia mimi nimsaidie. Nikamwambia, "Kaka, leo huna dada hapa. Mimi niko na wifi."

Mahakamani alisomewa shtaka, akaulizwa ni kweli au si kweli. Akasimama wima kizimbani.

"Kuchukua nimechukua. Kuiba sijaiba."

Mwendesha mashtaka akaruka juu. "Mheshimiwa, amekiri!"

Hakimu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani, sauti ya chini. "Amekiri tendo," alisema. "Kosa hili linataka tendo na nia mbaya, vyote viwili kwa pamoja. Nia ameikataa. Naandika kwamba amekana."

Nikamdhamini, tukatoka. Njiani Mkasi akasema, "Yule hakimu nimempenda. Anajua nguo ina nje na ndani."

Kesi ikaburutwa. Leo shahidi hayupo, mara jalada halionekani, mara hakimu yuko safari. Wateja wakapungua. Wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa bado, wanaangalia chini, eti shughuli imeahirishwa. Unajua Mkasi alifanya nini? Aliutoa ule mfuko wa vipande nyuma ya mlango, akautundika nje juu ya kizingiti, kila mpita njia auone. Nikamwambia, "Wewe mwanamke una wazimu." Akasema, "Asiyeiba haogopi kupekuliwa."

Mwisho siku ikafika. Madamu alitoa ushahidi wake, ananukia mpaka nje. Mkasi akapewa nafasi ya kumuuliza.

"Mama, hiyo ndiyo nguo yako ya kwanza kushonewa na fundi?"

"Ya kwanza? Nimeshonewa nguo nyingi sana."

"Vipande vya hizo nyingine viko wapi?"

Madamu akamgeukia mwendesha mashtaka.

Hapo tukaanza kupumua, halafu akaitwa shahidi wa pili, nikasema tumekwisha. Alikuwa Kipara, fundi wa ng'ambo ya barabara. Yeye na Mkasi hawasalimiani, tangu Mkasi alipomwambia mbele ya wateja kwamba suruali zake zina miguu ya watu wawili tofauti. Upande wa mashtaka ulimleta kama mzoefu wa kazi, na walijua ana kinyongo. Mwendesha mashtaka akamuuliza kitambaa kinachobaki ni mali ya nani.

Kipara akamnyooshea Mkasi kidole.

"Mheshimiwa, huyu mama mdomo wake mchafu, na nikitoka hapa sitamsalimia. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Vipande ni vya fundi, mteja asipovidai. Kama huo ni wizi, na mimi nifungeni, maana kofia mliyonivua hapo mlangoni imetoka kwenye suruali za watu."

Watu wakaangua kicheko, karani akagonga meza. Mkasi peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta macho kwa kiganja.

Hakimu akaomba kielelezo. Akakigeuza kile kigauni ndani nje, akashika pindo.

"Mbona upindo umeuacha mrefu hivi?"

"Mtoto hukua, mheshimiwa. Nilitaka akivae miaka."

"Akivalie wapi?"

"Mtaani. Angekivalia wapi tena?"

Hakimu akaandika, kisha akasoma. Alisema mtu hana hatia mpaka mashtaka yathibitishwe bila kuacha shaka ya maana, na mzigo huo si wa mshtakiwa. Alisema mwizi huficha, lakini huyu alishona kitu kikae miaka, kivaliwe mchana, mtaa uleule wa mlalamikaji. Aliamini kwa nia njema kwamba ni haki yake, na mafundi wenzake wanaamini hivyo. Mlalamikaji akitaka vipande vyake, hayo ni madai kati ya mtu na mtu, si jinai. "Hana hatia. Yuko huru. Kigauni kirudi kilikovuliwa."

Nilipiga kigelegele, nikatolewa nje.

Nyumbani kaka alitaka kukichoma moto kile kigauni, eti kina balaa. Mkasi alimnyang'anya. Akamwita binti yangu, akamvalisha. Mtoto alikuwa amerefuka, magoti yote nje. Mkasi akafumua upindo, akashusha, akashona upya, akapiga pasi. Kikamkaa kama kimekatwa jana.

"Wifi, mpitishe kwenye kona," akaniambia.

"Huo si uchokozi?"

"Wakaanze tena kutafuta jina la kosa."

Nikamshika mwanangu mkono. Madamu alikuwa getini kwake. Nikamsalimia vizuri kabisa, "Shikamoo mama." Tulitembea taratibu mpaka mwisho wa ukuta wake. Halafu tukageuka, tukarudi kwa njia ileile, akione na upande wa mgongoni.