Kompyuta Isiyohema

Shemeji yangu ni dobi, na dobi wa kweli hapimi joto la pasi kwa kidole. Huisogeza karibu na shavu, akafumba macho, akasubiri. Akisema bado, ni bado. Miaka yote niliyomjua hajaunguza hata kola moja, na hilo ndilo nitakalomsifia kwanza, maana kwa lililofuata tuligombana.

Dada yangu, mkewe, alikuwa mwimbaji. Si wa jukwaani, la. Aliimba mle mle chumba cha pasi, akinyunyizia mashuka maji huku mumewe akinyoosha, na wateja wakasahau kuondoka. Kisha koo likaanza kumsumbua, akafanyiwa upasuaji. Uhai ukabaki, sauti ikaenda. Tangu hapo akitaka kusema neno, analiandika kwenye vile vitambaa vidogo vyeupe wanavyobana kwa pini kwenye nguo za wateja zisichanganyike. Ukienda kwao utakuta “chumvi imeisha” juu ya pazia, na “acha kukoroma” kwenye mto wa shemeji.

Lakini nyimbo ziliondoka kabisa. Redio haikuwashwa tena. Sisi ndugu tulipofika pale tuliongea habari za mvua na bei za sabuni, na yeyote aliyejisahau akaanza kuimba chinichini alifinywa. Mfinyaji nilikuwa mimi.

Basi siku moja shemeji akaniambia ana kaseti kumi na moja alizomrekodi mkewe zamani, akiwa kazini. Binti fundi wa kompyuta, yule wa duka la pembeni, amekwisha kuzihamishia kwenye flashi. Sasa anatafuta kompyuta ndogo ya bei nafuu, ikae rafuni pembeni ya spika, impigie dada nyimbo zake.

“Makubwa!” nikasema. “Shemeji, maji yakimwagika hayazoleki. Unataka kumtonesha kidonda?”

“Akisema nizime, nitazima.”

“Atasemaje, na sauti hana?”

Neno likishatoka halirudi. Akavaa viatu, akatoka. Nikamfuata hadi dukani kwa aibu, nikijifanya nakwenda kumsaidia kuchagua.

Binti akatuwekea mashine tatu mezani. Ya kwanza sanduku kubwa, lenye nguvu kweli. Shemeji akaliinamia, akaweka shavu, akafumba macho.

“Hii inahema,” akasema.

“Hiyo feni, baba. Inapoza ndani.”

“Hapana, mwanangu. Kwenye kaseti unasikika mvuke wa pasi yangu. Nikiweka mashine inayohema, nitajuaje kipi ni kipi?”

Binti akamwambia huo mvuke anaweza kuufuta, ibaki sauti peke yake. Shemeji akashtuka kana kwamba ameambiwa wafute mkono wake kwenye picha ya harusi. “Usiguse!”

Ya pili ilikuwa kibao kitupu cha kompyuta, bila sanduku, kidogo kama kiberiti. Haikuhema, lakini tundu lake la spika lilitoa mkwaruzo wa chinichini, na kuutibu kulihitaji kununua kifaa kingine cha sauti. Ya tatu ilikuwa kijisanduku cheusi, cha bei rahisi kuliko zote, kilichostaafishwa na ofisi fulani.

“Programu nzito haiziwezi tena,” binti akasema. “Lakini nimeiwekea Linux, mfumo wa bure, hauna makuu. Skrini haihitaji. Ukiiwasha inapiga, na simu yako ndiyo rimoti.”

Shemeji akaweka shavu, kisha sikio. Akakaa hivyo mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

“Iko hai?”

“Iko hai, baba. Haina feni, mwili wake ndio unaotoa joto. Uiachie hewa tu.”

“Mimi? Wewe unanifundisha mimi joto?” Tukacheka wote.

Kesho yake mchana akaiwasha. Dada alikuwa dirishani akikunja foronya. Kwanza ulitoka mvuke, pumzi ndefu ya pasi ya miaka ile, kisha sauti yake ikaingia chumbani taratibu, changa, tulivu, kana kwamba ilikuwa imetoka kidogo kwenda uani na sasa imerudi. Mashuka kwenye kamba yalijaa upepo. Mwanga ulikuwa mweupe kila mahali. Nilihisi kama nimelala na sitaki kuamshwa. Dada hakugeuka. Foronya ilibaki mikononi, nusu imekunjwa.

Wimbo wa tatu ukakatika katikati.

Shemeji akabonyeza simu, wapi! Uso ukamsawijika. “Labda ni heri,” akanong'ona. “Labda, shemeji, ulisema kweli.” Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema nilikuambia.

Dada akatupita sote wawili mpaka rafuni. Pale ndipo tulipoona: dobi wetu, asiyeweza kuacha kitu kisafi kipigwe na vumbi, alikuwa ameifunika kompyuta kwa kitambaa kilichotiwa wanga, kimekunjwa mara nne, kingo zimenyooka. Bingwa wa joto! Dada akakitoa, akasogeza shavu karibu na kijisanduku, akafumba macho. Kisha akachukua kipande cha katoni akaanza kukipepea, polepole, kama anavyopepewa mtoto mwenye homa.

Mkono wa pili ukaandika. Akaja akambana mumewe kitambaa kifuani kwa pini, sawasawa, kama shati la mteja. Nikachungulia.

“Wimbo ulikuwa haujaisha.”

Nililia, sina la kuficha. Mwaka mzima nilifinya watu bila kumuuliza mwenyewe.

Mashine ilipopoa, shemeji akaiwasha, wimbo ukaanza upya. Akachukua pasi, akaipima shavuni, akaanza kunyoosha. Dada akasimama upande wa pili wa meza, akanyunyiza maji, midomo yake ikifuata maneno yote bila kukosa hata moja.