Mtaro wa Mama Shija

Kila ninaposikia harufu ya chokaa mbichi, mwanangu, inanirudia siku moja ya usichana wangu, siku tuliyopaka mawe rangi nyeupe mtaani kwetu.

Nilikuwa najifunza ushonaji kwa shangazi yangu, hapa hapa Tabora, kwenye mtaa huu unaotokea barabara ya Kwihara. Njia hii ni ya zamani sana. Wapagazi walipita hapa na mizigo ya pembe kabla babu yangu hajazaliwa, na siku hizi hupita wageni wanaokwenda kuangalia nyumba ya kale ya tembe. Cherehani ya shangazi ilikaa barazani, na kiti chake kilitazama barabara. Ndiyo maana haya nakusimulia kama niliyoyaona, siyo niliyohadithiwa.

Asubuhi hiyo balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ramadhani, alipita mlango hadi mlango na kofia yake nyeupe. Kazi yake ilikuwa ufundi bati. Alitengeneza vibatari kwa makopo matupu. Alitangaza kwamba kesho yake mgeni mkubwa wa serikali atapita kwenda Kwihara.

"Akiona ganda la embe moja tu, aibu ni yangu," alisema. "Ninyi mtakuwa mmejificha ndani. Mimi ndiye nitakayesimama pale na kofia."

Watu wakacheka, lakini wakatoka. Nataka ujue kwamba mtaa wetu haukuwa wa wavivu. Wanaume walipanga mawe kando ya barabara wakayapaka chokaa. Wanawake tulifagia. Ulikuwa msimu wa maembe, na mvua za kwanza zilikuwa zimekaribia, kwa hiyo palikuwa na kokwa na maganda kila mahali, achilia mbali majivu, matambara na makopo. Vyote tulivisukuma mtaroni, kama tulivyozoea. Kufika adhuhuri barabara ilikuwa safi kama sahani.

Mtaa wetu umeinama kidogo. Ukitembea tu huwezi kugundua, ila maji yanajua. Mtaro ulishuka mpaka kwenye kalavati, na baada ya kalavati palikuwa na nyumba ya mwisho, ya matofali mabichi. Hapo alikaa Mama Shija, mjane aliyehamia kutoka vijiji vya upande wa Tura baada ya mumewe kufariki. Wengi wetu tulimjua kwa salamu tu. Alizoea kusema "mwangaluka" asubuhi, salamu ya kwao, nasi watoto wa mjini tulimwigiza akishapita.

Basi, wakati balozi anarudi nyuma kutazama mawe yake, tulimwona Bi Zuhura anapanda kutoka kule chini. Bi Zuhura alikuwa msukaji wa mikeka, na ndiye aliyewafunda karibu wanawake wote wa mtaa kabla hawajaolewa. Kwa hiyo hata waume zao walimwogopa. Hawakujua anajua nini juu yao.

"Ramadhani," aliita. Hakumwita balozi.

"Labeka, Bi Zuhura. Shikamoo."

"Marahaba. Mtaa unapendeza."

"Tunajitahidi, mama."

"Na uchafu mmeupeleka wapi?"

"Mtaroni. Mvua ikinyesha itauchukua."

"Itaupeleka wapi?"

Balozi akanyoosha mkono wenye chokaa. "Huko chini."

"Huko chini kuna mwenyewe, Ramadhani. Panaitwa kwa Mama Shija. Njooni mkamwone."

Hakupaza sauti. Hata leo nikikumbuka namna alivyogeuka na kuanza kushuka, bila kutazama nyuma kama tunamfuata, najua kwa nini tulimfuata.

Tulimkuta Mama Shija anatoa vyombo nje. Masufuria, godoro, debe la mahindi ya mbegu. Alikuwa ametazama wingu upande wa mashariki, akatazama kalavati lililoziba, akaanza kuhama peke yake. Kwenye ukuta wake palikuwa na alama ya tope la masika yaliyopita, karibu usawa wa dirisha, na chini ya alama hiyo matofali yalikuwa yameliwa.

"Mbona hukusema?" balozi akamuuliza.

"Niseme kwa nani, baba? Mimi mgeni hapa. Nilidhani ndivyo mtaa wenu unavyofanya kazi."

Ukuta ule, mwanangu, usingestahimili mafuriko mengine. Hata mimi nisiyejua ujenzi niliona. Wingu nalo lilikuwa linakuja.

Balozi alitazama upande wa juu wa mtaa. "Mawe ya upande wa pili bado," alisema taratibu.

"Chagua, baba," Bi Zuhura akamjibu. "Kesho mgeni akute mawe meupe pande zote, au Mama Shija akute ukuta wake."

Wengi wangetafuta maneno hapo. Mzee Ramadhani aliweka brashi chini, akavua viatu, akaingia mtaroni na suruali yake safi. Namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Tukamfuata, lakini kwa vurugu. Kila mtu alichimba alipoona panamfaa, majembe yakagongana, na waliokuwa juu wakawa wanawashushia wa chini uchafu uleule. Mama Shija alituangalia kwa muda, kisha akapekua vile vyombo alivyokuwa ametoa nje, akachomoa ngoma ya mumewe. Kule kwao, siku ya kulima shamba la mmoja, majirani hujipanga mstari na jembe hushuka kwa mlio wa ngoma. Mumewe ndiye alikuwa mpigaji.

"Anzieni kwenye kalavati, mkienda juu," alisema. "Mahali pa kutokea pakifunguka, kazi yote inakuwa nyepesi. Na mshushe jembe pamoja."

"Heee! Leo tunalimishwa mjini!" akapiga kelele mama mmoja mchuuzi wa vitumbua, na watu wakaangua kicheko.

Mama Shija akacheka pia, akaanza kupiga. Mara ya kwanza tulikosea. Mara ya pili tukaelewa. Baadaye hakuna aliyekuwa anacheka tena, kwa kuwa kila mtu alikuwa anaimba. Nimeshona nguo za harusi nyingi maishani, nimecheza kwenye nyingi zaidi, lakini sijawahi kuona mtaa mzima ukipendeza kama ulivyopendeza jioni ile, watu wamejaa matope mpaka magotini.

Uchafu haukurudi mtaroni. Maganda na majivu yaliingia kwenye shimo nyuma ya migomba ya Mama Shija. Matambara yakachomwa. Makopo yakapelekwa kwa balozi.

"Kumbe ulikuwa unatupa mali, balozi!" yule mama wa vitumbua alimtania.

"Nyamaza, nitakuuzia kibatari bei ya kuruka," akajibu, na kopo mkononi.

Mvua ilishuka kabla ya magharibi, kubwa, ya kupiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Tulijibanza kwenye baraza la Mama Shija kutazama. Maji yalikuja kwa kasi, yakafika kwenye kalavati, yakapita. Yakaendelea kupita. Mama Shija alikuwa ameweka kiganja ukutani kama mtu anayepima homa ya mtoto, na hakukitoa mpaka mvua ilipokatika. Kisha akaanza kurudisha vyombo ndani, na kila mmoja wetu akabeba kimoja.

Mawe je? Mvua iliosha chokaa yote. Tuliiona ikipita mtaroni, nyeupe kama maziwa. Kesho yake gari la mgeni lilipita vioo vimefungwa, likaturushia tope, likatokomea njia ya Kwihara. Balozi alibaki ameshika kofia yake.

"Hata hakutazama," alisema.

"Sisi tumetazama," Bi Zuhura akamjibu.

Tangu siku ile usafi wa mtaa wetu huanzia kwenye kalavati kupanda juu, na ngoma ikipigwa. Bi Zuhura ametangulia, Mzee Ramadhani pia. Mama Shija alizeekea katika nyumba ileile, na ngozi ya ngoma imebadilishwa mara nyingi. Sasa mnaoishika ni ninyi vijana. Nawaona kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na magunia yenu ya chupa za plastiki na miche mnayoipanda kando ya njia. Nawasifu popote ninapokaa, wala sioni haya kusema kwamba mnafanya vizuri kuliko tulivyofanya sisi.

Ila wiki iliyopita nilimsikia mwenzenu akisema safari hii muanzie kule juu kwenye lami, kwa sababu picha za simu hutoka vizuri pale. Pigeni picha, mwanangu, mnastahili kuonekana. Lakini anzieni chini. Kabla hujafagia mlango wako, jua takataka zako zinaishia mlangoni kwa nani. Ukihamia mtaa mwingine, uliza nyumba ya mwisho iko wapi, ukamsalimie mwenye nyumba hiyo kwa salamu ya kwao. Na kazi ya wote ikishindikana, msikilize yule ambaye hajaulizwa. Huenda ngoma iko kwake.

Mungu awape mvua za kiasi na njia wazi ya kupitisha maji yake. Miche yenu ishike, mikono yenu isichoke, na popote mtakapojenga, jirani yenu wa chini alale usingizi mvua ikinyesha.